Sakafu

Karani wa baladia ni kijana wa juzi,
kilemba cha zambarau, kalamu tatu mfukoni,
na hakuna hata moja inayoandika.
Nimekuja na mulkia, nimekuja na kuruki ya kiwanja,
na ramani aliyonichorea Sasidharan wa Kerala
kwa riali sabini, baada ya kuvutana bei mpaka chai ikapoa.

"Unataka nini, mama?"
Chumba juu ya nyumba. Kimoja tu.
Mundhir anaoa; nimwachie chini kote,
mimi nipande na cherehani yangu na redio.

Kiarabu changu kilikulia Vuga kabla ya kuja Mawaleh.
Nikasema dari, akaandika dar.
"Nyumba unayo tayari," akasema, "mulkia yako si hii hapa?"
Nikamwambia basi andika sakafu, nataka sakafu.
Akainua kidole kwenye taa: saqf.
Nami nikaonesha chini, penye vigae na kandambili zangu.
Tukatazamana hivyo, kidole chake juu, changu chini,
na foleni nyuma yangu ikaanza kukohoa.

Sote tulikuwa na haki.
Neno lilitoka huku likiwa paa,
likafika kwetu likalala, tukalikanyaga,
tukalideki, tukatandika jamvi juu yake
miaka mia ngapi sijui, wala halikunung'unika.
Bibi yangu Zayana alipiga sakafu ya ghorofa:
chokaa, kokoto, wanawake kumi na vibao vyao,
siku tatu, mpaka mikono ikafa ganzi.
Kwa aliyeketi chini ilikuwa dari.
Kwa aliye juu, sakafu.
Kitu kile kile, unene wa dhiraa moja.

Ndilo ninaloliomba, mwanangu, nilitaka kumwambia.
Nipeni ruhusa nilikanyage paa langu.

Akanisomea masharti.
Chumba kisifike ukingoni, kirudi nyuma hatua kadhaa,
mpita njia asikione, kama mwari aliyetawishwa.
Ukuta wa kuzunguka upite kichwa cha mtu.
(Cha mtu gani, nikauliza. Hakucheka.)
Matangi ya maji yafichwe. Dishi lifichwe.
Rangi iwe nyeupe au ya mchanga,
si ile ya kijani niliyokwisha kuiota.
Jiko hapana, maana jiko hugeuza chumba kuwa nyumba,
na hapo, lazima nikiri, alijua asemalo.
Na dirisha lolote linalotazama ua wa jirani
lahitaji saini ya jirani.

Jirani yangu ni Bi Wadha.
Kila Alhamisi baada ya isha huosha nywele uani,
nyeupe, ndefu, zinaning'inia nyuma ya kiti,
nami najua kwa kuwa saa hiyo huanua nguo juu.
Nilimpelekea karatasi na sahani ya vitumbua.
Vitumbua alikula.
Karatasi aliisoma, akailaza kifudifudi:
"Miaka kumi na tisa, hukuniambia kwamba unaniona."

Sikuwa na jibu.
Nilimpigia Sasidharan, futa dirisha la magharibi,
lipeleke kaskazini, kwenye matangi na mlima.
Riali kumi nyingine.

Ruhusa bado. "Rudi Jumapili, si hii, ile ya pili."

Jana, isha imeshapita, nilipanda na chaki
na futi yangu ya kushonea,
nikachora kuta nne juu ya zege.
Nikaacha uwazi wa mlango,
nikatoka nje ya mistari ili nipate kuingia mlangoni kwa adabu.
Nikalala chali. Joto la mchana lilikuwa lingali mgongoni,
na chini yangu Mundhir alikuwa akikokota kabati,
akijaribu ukuta huu, akijaribu ule.

Kwa Bi Wadha maji yakamiminika kwenye beseni.
Sikugeuza kichwa.
Ukuta wangu wa chaki ulipita kichwa cha mtu.